Kwa Ardith Skowron, Aliyeunda Mtetea kwa Mikono Yake

Mwaka umetimia, Ardith, tangu Jumamosi ile ya tarehe 18 Agosti 2018, saa kumi na dakika ishirini alasiri, pale kiwanja cha mbio cha Tamarack Flats, ulipomwonyesha mumeo dole gumba dirishani, ukapandisha kioo, na hukukiteremsha tena.

Watu wa kaunti hii wanadhani wanajua kilichotokea kwa sababu walisoma kwenye gazeti hili hili. Mistari sita. Gari la kujiundia nyumbani, likapata hitilafu, dereva mwanamke wa miaka hamsini na tisa, pole kwa familia. Leo familia imeomba nafasi kubwa kidogo.

Binti yako Rochelle alimwambia mumeo, "Baba, andika kwa upole. Hii ni kumbukumbu, si kesi." Mumeo akaandika kwa upole mara tatu, na mara tatu akachana karatasi. Unajua aliacha shule darasa la nane, na huko nyuma hawakumfundisha upole wa kalamu. Mvumilie tu, kama ulivyomvumilia miaka thelathini na minne.

Ulimkuta Mtetea kwenye ghala la marehemu mzee Dombrowski. Ilikuwa Oldsmobile Cutlass ya mwaka 1970, haina kioo cha mbele, sakafu imeliwa na kutu, na kuku kumi na mmoja wanatagia kiti cha nyuma. Mumeo alisema, "Ardith, hilo si gari, hilo ni banda." Ukaingiza mkono chini ya kuku mmoja, ukatoa yai la moto, ukamwekea kiganjani.

"Banda hili angalau linataga," ukasema. "Trekta lako linataga nini?"

Jina likashika hapo hapo. Miaka kumi na mmoja ulimjenga Mtetea. Mchana ulichonga mihimili ya injini za malori kwenye karakana ya Feldt, jioni ulikuwa gereji kwako, na Jumapili baada ya misa ulikuwa gereji vilevile, padri akajua, akanyamaza, maana ni wewe uliyemtengenezea tanuri la kanisa. Kutu ulikata ukabandika bati jipya. Injini ulifungua mpaka ikabaki mifupa. Pistoni nane ulizipima moja moja kwenye mizani ya jikoni, ile ya unga wa pierogi, maandazi yetu ya Kipolandi ya Krismasi, na iliyozidi uliipunguza kwa tupa, unapima, unapunguza, unapima. Mpaka zote nane zilipokuwa sawa ndipo tukala. Ilikuwa siku ya mkesha wa Pasaka na soseji zilikuwa zimekauka kama kamba.

Kazi ya mumeo ilikuwa kushika tochi. Aliishika vibaya. Akili yake ikipotea na mwanga ulipotea nayo, ukawa unamulika ukuta. Toka chini ya gari sauti yako ilikuja: "Mwanga hapa, Lee! Nafunga nati, sifungi ndoto zako!"

Halafu ulikuwa unanawa kwa sabuni ya vyombo na sukari, unasugua mpaka mkono unakuwa mwekundu. Mikono yako ilinukia petroli na sukari. Wanawake wa parokia walikuletea magari yenye breki zinazolia, ukayatengeneza huku ukiwagombeza. "Mama, umeendesha chuma kwa chuma mwezi mzima, ulikuwa unamsubiri nani, malaika?" Walicheka, wakarudi na mikebe ya kachumbari ya matango, na msimu uliofuata wakarudi tena na breki zilezile zinalia.

Kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva ulikichomelea mwenyewe. Hilo tunataka lisomwe vizuri, kwa hiyo tunalirudia: ulikichomelea mwenyewe, na asubuhi ya siku ile, saa mbili, mkaguzi wa chama cha mbio alikizunguka kiungio kwa kiungio akiwa na kioo kidogo cha mkononi. Hakupata kosa. Aliuliza, "Nani kachomelea hiki?"

"Bibi mmoja," ukajibu.

"Bibi yupi?"

"Huyu unayemzibia mwanga."

Akacheka, akabandika karatasi ya ukaguzi, akasaini jina lake. Karatasi hiyo ipo. Mumeo anayo kwenye Biblia.

Wengi wanaosoma hapa hawajui mbio zetu, wanadhani ni kushindana kelele. Uliwaeleza watu mara elfu. Kwenye mbio hizi kila dereva anaandika kwenye dirisha lake, kwa kiwi nyeupe ya viatu, namba ya sekunde atakazotumia kumaliza robo maili. Unaiandika kubwa, kila mtu aione. Ukienda polepole kuliko namba yako, unapitwa. Ukienda kasi kuliko namba yako, umedanganya, na umeshindwa vilevile. "Si mchezo wa kasi," ulisema. "Ni mchezo wa kujijua na kulisema mbele za watu."

Siku ile uliandika 10.68. Ulikuwa umeshinda raundi tatu kwa namba hiyo. Na kabla ya raundi ya nne, yule kijana wa kutoka Flint uliyepangiwa kushindana naye aliharibikiwa kabureta. Ukamtolea ya akiba kwenye sanduku lako, ukainama ukamfungia mwenyewe. Mumeo alisema, "Ardith, unamvisha viatu anayekuja kukukimbiza?"

"Kumshinda aliyekwama ni kula supu ya jana," ukasema. "Inashibisha lakini haina ladha. Nipe spana namba kumi na tatu na acha kununa."

Kijana huyo alikuja mazishini. Alilia kuliko ndugu wengine. Kabureta alitaka kuirudisha, mumeo akakataa. Ni ya kwake sasa.

Sasa tuseme yale ambayo gazeti halikusema.

Katika jozi iliyotangulia yenu, gari moja lilipasua injini katikati ya njia. Oili ilimwagika toka futi mia sita mpaka kwenye ukuta wa pembeni. Wote tuliiona. Kawaida, kitu kama hicho kikitokea, mbio husimama dakika arobaini: unamwagwa unga wa kunyonya, unafagiwa, unamwagwa tena, trekta linapita, halafu mtu anatembea njia nzima kwa miguu, anagusa lami kwa kidole. Siku ile upande wa magharibi wingu lilikuwa limesimama jeusi kama sufuria. Mvua ikinyesha kabla ya fainali, kiwanja lazima kiwarudishe watu siku nyingine bure. Meneja, Bwana Hollenbeck, alionekana akitoka ofisini mara mbili kuangalia mbingu. Hakuangalia lami hata mara moja.

Walifagia dakika kumi na mbili. Mumeo alihesabu kwa saa uliyomnunulia.

Halafu mkaitwa. Ulichoma tairi kwenye maji ili zishike lami, moshi ukapanda, ukarudi nyuma taratibu huku mumeo akikuongoza kwa mikono uingie kwenye alama zako mwenyewe, kushoto kidogo, kidogo, hapo. Mzee Oakes alikuwa mbele yenu kwenye mti wa taa, ile nguzo ya kuanzishia mbio. Yeye huwasha taa pale tangu mumeo ana nywele kichwani. Alikuwa na redio ya mkononi begani. Mumeo alikuwa karibu naye kama meza ilivyo na kiti, na wote wawili walisikia redio ikikwaruza, na sauti ikasema: "Njia ni safi. Waende."

Maneno manne tu, Ardith.

Kwetu kuna kanuni moja ya zamani. Mtu yeyote wa timu akiinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa, gari haliendi. Hata awe mchoma soseji wa timu. Taa haiwashwi, na atajieleza baadaye. Mikono ya mumeo, baada ya kusikia maneno yale, ilikuwa chini. Mmoja ulikuwa unakuonyesha dole gumba.

Uliondoka vizuri. Kila mtu anakubali hilo, hata wao. Ulivuka futi mia tano ukiwa mbele. Ulipofika mia nane, Mtetea aliteleza upande kama ng'ombe kwenye barafu, kisha ukuta.

Mumeo alikimbia. Na pale pale ulipoteleza, yeye naye, kwa buti zake, aliteleza akaanguka kifudifudi. Suruali ile haijafuliwa. Magoti yake ni meusi kwa oili. Wewe oili yako uliibadilisha asubuhi, ilikuwa rangi ya asali, na ilipopimwa baadaye mbele ya Rochelle ilikuwepo yote ndani ya injini, haikupungua hata tone. Oili ya magotini mwa mumeo ni nyeusi kama lami. Mtoto mdogo anaweza kutofautisha asali na lami. Wenye tai wa ofisi ya kiwanja hawakuweza.

Wao waliandika taarifa. Taarifa inasema ekseli ya nyuma ya "gari lililoundwa nyumbani" ilikatika, na ndiyo maana likaacha njia. Ni kweli ekseli imekatika. Lakini Bwana Feldt, uliyemfanyia kazi miaka ishirini na sita, alikuja, akaitoa, akaiweka mezani, akavaa miwani. Alisema ekseli inayokatwa na nguvu ya injini hujisokota kwanza, kama nguo iliyokamuliwa. Hii haijasokotwa hata kidogo. Imepinda, kama kidole kilichobanwa na mlango. "Hii iliukuta ukuta ikiwa nzima," alisema. "Ukuta ndio ulioivunja." Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mumeo alimpelekea Bwana Hollenbeck maneno hayo mwezi Oktoba. Ofisini walikuwepo watatu wengine waliokuwa na redio siku ile: meneja mwenyewe, mkuu wa usalama, na mtangazaji wa mnarani. Mzee Oakes alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Naomba jina moja tu," mumeo alisema. "Nani alisema njia ni safi?"

"Mzee Skowron, hapa sote tuna majonzi," meneja akasema.

"Sijauliza majonzi. Nimeuliza jina."

Mkuu wa usalama akasema, "Mimi bado nilikuwa na ufagio. Nilijua kauli imetoka mnarani."

Wa mnarani akasema, "Mnarani? Mimi nilijua ni yeye aliye chini, ndiye anayeona lami!"

"Na wewe, bwana meneja?"

"Redio zetu hazirekodi," meneja akasema.

"Sikuuliza redio. Wewe una mdomo. Mdomo wako nao haurekodi?"

Meneja akaangalia kalenda ukutani. Mzee Oakes alianza kulia pale mlangoni. "Leland, sauti ilikuwa inakwaruza kama msumari kwenye bati. Ningeijua ningekwambia siku ile ile, kabla hujavua buti."

Huyo mumeo anamwamini. Wale watatu wana masikio sita, na hakuna hata sikio moja lililosikia mdomo wa mwenzake. Mkuki kwa nguruwe, Ardith. Wewe ungeandika namba vibaya, wangekutoa mashindanoni mbele ya watu wote na jina lako likatangazwa kwenye vipaza sauti. Wao wamepoteza namba yao na wanapandishwa vyeo. Yule mkuu wa usalama sasa ni naibu meneja.

Mwezi jana Bwana Hollenbeck alikuja nyumbani. Alikuja na ubao mzuri wa mbao, umechongwa: Mbio za Kumbukumbu ya Ardith Skowron. Zitafanyika Jumamosi hii, tarehe 17, kiwanja kile kile, saa zile zile. Alitaka na boneti ya Mtetea akaitundike getini watu wapige nayo picha. Alikunywa kahawa yako, kwenye kikombe chako, kwa sababu mumeo hakuwahi kukificha.

Kisha akatoa karatasi. "Hii ni utaratibu tu, mzee. Familia inakubali taarifa kama ilivyo, sisi tunatumia jina lake kwa heshima."

"Yaani nisaini kwamba mke wangu alijiua kwa ekseli yake mwenyewe?"

"Haijaandikwa hivyo."

"Imeandikwaje? Mimi nasoma polepole, nisomee."

Hakusoma. Akatazama Mtetea, maana walikuwa wamesimama mlangoni pa gereji. Ubavu mmoja umekunjamana, lakini kizimba kimesimama kama kilivyochomelewa, kiungio kwa kiungio. Ukuta ulishindwa na kizimba chako. Ni shingo yako tu, mama, ambayo hukuweza kuichomelea. Kwenye dirisha la kushoto kiwi bado ipo. 10.68.

"Ungeifuta hiyo, mzee," meneja akasema kwa sauti ya mazishi. "Unajiumiza bure."

"Siku ile iliandikwa kauli moja tu ambayo mwenyewe aliisimamia," mumeo akajibu. "Ndiyo hiyo. Haifutwi."

Rochelle alikuwa ameegemea benchi lako la kazi, mikono kifuani, kama wewe kabisa. "Bwana Hollenbeck," akasema, "umekuja na jina la mama kwenye ubao, na jina la mama kwenye karatasi. La kwako umelisahau nyumbani?"

Aliondoka bila boneti. Ubao aliuacha. Mumeo ameugeuza uso, anawekea makopo ya rangi.

Wapo wanaosema mumeo amekuwa mchungu. Wanasema jirani kwa jirani, dukani, kwenye foleni ya mahindi: muda umepita, angesamehe. Kusamehe yuko tayari. Lakini msamaha nao ni kama barua, lazima uandikwe jina la mtu juu ya bahasha. Atampa nani, redio? Wapo pia wanaosema kwa chini kwamba gari la nyumbani ni gari la nyumbani, na kwamba mwanamke wa umri ule alikuwa anatafuta nini kule. Hao mumeo hana la kuwaambia, isipokuwa kwamba breki za nusu ya magari yao zinashika mpaka leo kwa sababu ya mwanamke wa umri ule.

Ametaka ujue na hili. Bado anaingia gereji jioni. Anawasha tochi, anamulika chini ya gari, mahali ambapo ungekuwa umelala. Sasa anaishika vizuri. Haitikisiki.

Jumapili tarehe 18 kutakuwa na misa yako, saa nne asubuhi, Kanisa la Mtakatifu Kazimiri, na baada yake chakula ukumbini. Wote mnakaribishwa, pamoja na yule kijana wa Flint.

Lakini kabla ya hapo, Jumamosi, mumeo atakwenda Tamarack Flats. Hataenda kushangilia. Rochelle ataandikisha gari la kijana wa Flint kama la timu yake, kijana amekubali, na mumeo ataingia kama mtu wa timu, kwa haki. Jozi ya kwanza itakapoitwa, ataenda mahali alipokuwa amesimama mwaka jana, nyuma ya mstari, atainua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa. Hatagusa mtu wala kutukana. Amemwahidi Rochelle. Mzee Oakes ameulizwa atafanya nini, akajibu, "Mimi nikiona mikono imepishana, taa siwashi. Sijali ni ya nani wala itakaa juu mpaka lini. Kanuni ni kanuni." Ana miaka sabini na minane na huu ni msimu wake wa mwisho.

Mikono ya mumeo ina baridi yabisi, unajua. Haiwezi kukaa juu sana. Rochelle amesema ikichoka ataishika yeye kwa chini, upande mmoja, na dada yako Verna upande mwingine.

Wanaokukumbuka: mumeo Leland, aliyeshika tochi, binti yako Rochelle na mumewe, mjukuu wako Kasia, anayekula pierogi zilizopimwa kwa mizani ya pistoni, dada yako Verna, Bwana Feldt na wote wa karakana, wanawake wa parokia na breki zao, na Mtetea, ambaye namba yake bado iko dirishani.

Hutatoka kwetu, Ardith, si mwaka huu wala mwaka wowote. Na ninyi watatu wenye redio, gazeti hili mnalisoma, tunajua. Tunawauliza mbele ya kaunti nzima, kwa upole wote tulionao: siku ile, saa kumi na dakika ishirini, nani kati yenu alisema njia ni safi?